Linux kwa anayeanza: amri utaziandikia wapi? Termux, WSL, flashi, mashine pepe au kompyuta nzima

Mtu akitangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba anataka kujifunza Linux, majibu yote yanahusu distro, yaani aina mbalimbali za Linux. Mmoja atasema Ubuntu, wa pili Mint, wa tatu atakuapia kwamba asiyetumia Arch hajui kitu, na kijana mmoja lazima ataje Kali. Ubishi huo ni mtamu, lakini unamchelewesha mgeni. Amri za mwanzo anazopaswa kuzizoea, `ls`, `cd`, `cp`, `mv`, `grep`, `less`, `chmod`, ni zile zile kote huko. Nyingi zinatoka kwenye mradi wa GNU aliouanzisha Richard Stallman mwaka 1983, na kerneli, yaani kiini cha mfumo, iliyo chini yake ni ile ile aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi Helsinki.

Kinachomtofautisha anayefika na anayeachia njiani ni mahali anapoandikia amri zake. Kama kila ukitaka terminali, dirisha la kuandikia amri, lazima uzime kompyuta, uchomeke flashi na usubiri, utafanya hivyo wikendi mbili kisha yataisha. Kama terminali iko kwenye kifaa unachokishika kila siku, utaifungua hata ukiwa kwenye foleni ya benki. Kwa hiyo hapa nalinganisha kwanza mahali pa kujifunzia. Distro zitafuata baadaye, na kwa ufupi.

Kwa wenye haraka: huna kompyuta, anza na Termux, programu ya Android inayokupa terminali kwenye simu. Una laptop ya kazi yenye Windows 11 na RAM ya GB 8 au zaidi, weka WSL, yaani Linux ndani ya Windows, leo hii. Una laptop ya mtumba iliyokwama kwenye Windows 10, ifute uweke Linux Mint. Mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, ni ya kufanyia uharibifu wa makusudi. Mifumo miwili, Windows na Linux, kwenye diski moja ndiyo ninayoishauri mwisho kabisa, ingawa wengi ndiyo wanayoikimbilia kwanza.

| Njia | Unachohitaji | Bando la kuanzia | Usichokipata |
|---|---|---|---|
| Termux | Simu ya Android | Karibu MB 100, halafu vifurushi vya programu | `sudo` (mamlaka ya msimamizi), watumiaji wengi, huduma za mfumo |
| WSL | Windows 10 au 11, RAM GB 8 | Chini ya GB 1 | Diski, draiva, namna mfumo unavyowaka |
| Flashi | Flashi ya GB 8 | Karibu GB 3 kwa Mint | Kuutunza mfumo kwa miezi |
| Mashine pepe | RAM GB 8, nafasi ya GB 25 | Karibu GB 3 na VirtualBox juu yake | Vifaa halisi: Wi-Fi, sauti, kadi ya picha |
| Kompyuta nzima | Laptop ya RAM GB 4 | Karibu GB 3 | Windows yako ya zamani |
| Seva ya mbali | Kadi ya malipo, mtandao | Kidogo sana | Kusakinisha kuanzia sifuri |

Kipimo kimoja kwa njia zote

Ulinganisho bila kazi ya kupimia ni porojo, kwa hiyo nachukua kazi moja ambayo mtu wa huku anaweza kuihitaji kweli. Una taarifa ya miamala ya simu ya mwaka mzima, imekuja kama PDF yenye nywila, kurasa tele. Unataka kujua umenunua umeme mara ngapi. Kwenye terminali kazi hiyo ni mistari miwili:

`pdftotext -layout -upw NYWILA taarifa.pdf taarifa.txt`

`grep -i luku taarifa.txt | wc -l`

Mstari wa kwanza unaigeuza PDF kuwa maandishi matupu. Wa pili unachuja mistari yenye neno LUKU, bila kujali herufi kubwa au ndogo, kisha unaihesabu. (Mkenya aweke KPLC mahali pa LUKU.) Ile alama ya kijiti katikati, tunayoiita bomba, inachukua kinachotoka kwenye amri ya kushoto na kukiingiza kwenye ya kulia. Doug McIlroy ndiye aliyelipigania wazo hilo pale Bell Labs mpaka likaingia kwenye Unix mwaka 1973, na hadi leo ndilo linalofanya amri ndogo ndogo zifanye kazi kubwa. Aliyeielewa mistari hii miwili ameshaelewa kwa nini watu wanajisumbua na dirisha jeusi.

Njia zote sita zinaiweza kazi hii, simu ikiwemo. Zinachotofautiana ni usumbufu wa kufika hapo na mambo mengine utakayojifunza au kuyakosa.

Termux: darasa lililoko mfukoni

Watu wa kompyuta huidharau Termux kwa sababu iko kwenye simu. Wanakosea. Android yenyewe inakimbia juu ya kerneli ya Linux, na Termux inakupa bash halisi (programu inayosoma amri zako), `grep` halisi, Python, Git, Vim na maelfu ya vifurushi kwa kuandika `pkg install` na jina la kitu. Haihitaji kufungua ulinzi wa simu wala kuhatarisha WhatsApp yako. Kwa mwanafunzi ambaye kompyuta ya shule anaigusa mara moja kwa wiki, hakuna njia nyingine inayompa mazoezi ya kila siku.

Ichukue kutoka F-Droid, duka la programu huria, au GitHub. Ile iliyoko Play Store ni tawi jingine lenye mipaka zaidi, na malalamiko mengi ya "kifurushi hakipatikani" yanaanzia kwenye kuchanganya hizo mbili. Ukishaiweka, andika `pkg update`, halafu `termux-setup-storage` ili iruhusiwe kuyaona mafaili ya simu. Kwa kipimo chetu cha juu, kifurushi kinaitwa `poppler`. Kwenye Ubuntu, Mint na Debian kinaitwa `poppler-utils`.

Kuandika kwenye kioo ni kero, sifichi. Juu ya kibodi utaona safu ya vitufe vya ziada, ESC, CTRL na TAB, na kitufe cha kupunguza sauti kinaweza kufanya kazi ya CTRL. Jifunze TAB mapema: andika herufi mbili tatu za jina la faili, bonyeza TAB, jina linajikamilisha. Kwenye kompyuta hiyo ni anasa, kwenye simu ni lazima. Kibodi ya USB ya bei ndogo na kiunganishi cha OTG vinaigeuza simu kuwa kitu kingine kabisa.

Mipaka yake ni mitatu, na inafaa uijue kabla hujachanganyikiwa. Mafaili ya Termux hayakai `/etc` wala `/usr/bin` kama vitabu vinavyosema, yako ndani ya `/data/data/com.termux/files/usr`, skripti uliyonakili mtandaoni inayoanza na `#!/bin/bash` inaweza kugoma kwa sababu hiyo tu. Pili, hakuna `sudo` ya maana wala watumiaji wengine, kwa hiyo sehemu kubwa ya somo la ruhusa na huduma za mfumo inabaki nadharia. Tatu, kuanzia Android 12 simu huua michakato ya nyuma ikizidi 32, na utaona kazi ndefu inakatika ghafla na ujumbe wa `signal 9`. Hapo hujakosea kitu, ni simu inalinda betri. Mipaka miwili ya kwanza inapungua kiasi ukiweka `proot-distro` na kupakua Debian ndani ya Termux, lakini usianze na hilo.

WSL: kwa mwenye Windows asiyetaka kuiacha

Mwaka 2016 Microsoft walileta Linux ndani ya Windows, jambo ambalo miaka kumi kabla yake lingekuwa mzaha. Toleo la pili, lililofika kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2020, linatumia kerneli halisi ya Linux, si mwigo. Unafungua PowerShell kama msimamizi, unaandika `wsl --install`, unawasha upya, na Ubuntu inakusubiri ikuulize jina la mtumiaji na nywila. Ukiandika nywila hutaona hata nukta moja kwenye kioo. Wageni wengi hudhani kibodi imeharibika. Endelea tu kuandika.

Ukilinganisha na Termux, hapa kila kitu kinakaa mahali kinaposemwa kwenye vitabu. `/etc` ipo, `apt` ya kusakinishia programu ipo, `sudo` ipo, na tangu 2022 hata systemd, inayosimamia huduma za mfumo, inafanya kazi, kwa hiyo unaweza kuwasha seva ya wavuti na kuizima kama mtu mzima. Na wakati huo huo Excel ya ofisini iko wazi pembeni. Kwa mtu mwenye ajira, faida hii inazishinda nyingine zote, kwa sababu kazi ya kipimo chetu unaifanya katikati ya kazi nyingine bila kuzima chochote.

Upungufu wa kwanza ni RAM. WSL inaweza kujichukulia hadi nusu ya RAM ya kompyuta, na kwenye mashine ya GB 4 utaisikia feni ikilia. Unaweza kuifunga kamba kwa faili la `.wslconfig` lenye mstari `memory=2GB` chini ya `[wsl2]`, lakini ukweli ni kwamba mashine ya GB 4 inafaa zaidi kufutwa kabisa, nitafika huko. Upungufu wa pili unawauma wengi bila wao kujua: diski yako ya C inaonekana kama `/mnt/c`, na kufanyia kazi mafaili mengi kutoka hapo ni polepole mno. Weka kazi zako kwenye nyumba yako ya Linux, ile inayoandikwa `~`, na ukitaka kuzifungua kwa kipanya andika `explorer.exe .` pamoja na hiyo nukta.

Kuna jambo la tatu dogo lenye kuudhi. Skripti iliyoandikwa na baadhi ya programu za Windows ina alama zilizojificha mwishoni mwa kila mstari, na ukiiendesha unapata `bad interpreter: /bin/bash^M`. Amri ya `dos2unix` inazifuta. Jambo hilo limewafukuza wanafunzi wengi kuliko lilivyostahili.

Wenye Mac, kwa pembeni: terminali mnayo tayari na hamhitaji WSL, ila zana zenu ni za ukoo wa BSD, kwa hiyo amri kama `sed -i` zitawasumbua mkifuata mafunzo yaliyoandikwa kwa Linux.

Flashi: si darasa, ni usaili

Linux nyingi za mezani zinaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Unapakua faili la ISO, yaani distro nzima katika faili moja, unaliandika kwa Rufus au balenaEtcher, unawasha kompyuta huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua chanzo (F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, F9 au Esc kwenye HP), na dakika chache baadaye uko ndani. Kumbuka flashi inafutwa yote.

Kama njia ya kujifunzia, naiweka chini. Ukizima, kila ulichofanya kimepotea, isipokuwa umeitengeneza kwa namna maalumu ya kuhifadhi, na hata hivyo kasi ya flashi za kawaida inakatisha tamaa. Lakini kama usaili wa kompyuta kabla ya kuamua, haina mpinzani. Ukiwa kwenye flashi, jaribu Wi-Fi, sauti, mwanga wa kioo, kamera. Andika `free -h` uone RAM halisi, `lsblk -o NAME,SIZE,ROTA` uone diski (ROTA ikiwa 0 ni SSD), `lspci` uone kadi ya mtandao ni ya kampuni gani. Muuzaji wa laptop za mtumba akikuambia ni GB 8 na SSD, amri mbili za kwanza zinamaliza mjadala palepale dukani. Wauzaji wenye bidhaa safi hawakatai.

Flashi zenyewe nazo zinahitaji kupimwa. Sokoni zipo zinazojitangaza GB 64 wakati ndani ni ndogo sana, na ukiziandikia zaidi ya uwezo wake wa kweli zinayala mafaili kimyakimya. Kwenye Linux kuna zana iitwayo `f3` inayogundua udanganyifu huo: `f3write` inaijaza flashi, `f3read` inasoma kilichobaki salama.

Na kama ISO umepewa na rafiki badala ya kutumia bando lako, jambo la busara kabisa, liangalie kwanza kwa `sha256sum`, kisha linganisha namba ndefu utakayopata na ile iliyoko kwenye tovuti ya distro. Herufi moja ikitofautiana, faili hilo halifai.

Mashine pepe: uwanja wa kuvunjia

VirtualBox inakupa kompyuta ndani ya kompyuta. Inahitaji RAM ya kutosha, na mara nyingi lazima uingie kwenye BIOS, mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka, kuwasha VT-x au AMD-V (uwezo wa kichakato kubeba mashine pepe) kwanza. Kwa mazoezi ya kawaida WSL ni nyepesi zaidi, sioni sababu ya kubeba VirtualBox. Inaposhinda njia nyingine zote ni kwenye snapshoti: unahifadhi hali ya mashine, unaivunja, unairudisha ilipokuwa kwa dakika moja. Hapo ndipo pa kujaribu `sudo rm -rf /*` uone nini kinatokea. (Ile `rm -rf /` isiyo na nyota GNU wanaikataa siku hizi, yenye nyota haina huruma.) Hapo pia ndipo pa kujifunza kugawa diski, kwa kuwa diski ni faili tu.

Mifumo miwili, au kufuta kabisa?

Hapa ndipo penye maamuzi mazito, kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuitunza Windows 10 kwa kawaida. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, kichakato cha kizazi cha 8 kwenda mbele kwa sehemu kubwa. Laptop nyingi za mtumba zilizojaa madukani kwetu, zile ThinkPad na EliteBook za kizazi cha 4 hadi cha 7, zimebaki nje ya mlango. Ni mashine nzima, zina kibodi nzuri kuliko nyingi za leo, na ndizo zinazofaa zaidi kujifunzia Linux.

Watu wengi husema: nitaweka vyote viwili, Windows nisiipoteze. Nawaelewa, lakini nikilinganisha hatari na faida, njia hii ina mitego mingi kuliko zote. Lazima upunguze patisheni, yaani kipande cha diski, ya Windows, na kama umeme ukikatika katikati na betri ya laptop imeshakufa, kama zilivyo betri nyingi za mtumba, unaweza kupoteza mafaili yako. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoficha data, na Windows 11 nyingi huifunga zenyewe, utahitaji ufunguo wa kuokolea kabla hujagusa chochote. Uandike pembeni kwanza. Windows ikizimwa kwa ile namna yake ya kuwaka haraka, huwa haijazimika kweli, na Linux itakataa kuandika kwenye patisheni yake mpaka uizime kabisa au uuondoe mpangilio huo.

Halafu kuna saa. Linux huiweka saa ya ndani ya kompyuta kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows huichukulia kama saa ya mahali ulipo. Sisi tuko saa 3 mbele ya UTC, kwa hiyo ukitoka Linux ukaingia Windows adhuhuri ya saa sita, itakuambia ni saa tatu asubuhi. Kivinjari nacho kinaweza kuanza kulalamika kwamba tovuti si salama, na mtu anaanza kutafuta virusi ambavyo havipo. Dawa ni mstari mmoja upande wa Linux:

`timedatectl set-local-rtc 1`

Lakini tatizo kubwa la mifumo miwili si la kiufundi. Windows ikiwa bado ipo, kila kitu kikigoma unawasha upya na kurudi ulikozoea. Printa imekataa, unarudi. Faili la Word limekaa vibaya, unarudi. Miezi sita baadaye patisheni ya Linux imekula GB 50 na hujaifungua tangu wiki ya tatu. Aliyefuta kabisa hana pa kurudi, kwa hiyo anasoma, anauliza, anaandika amri, na printa inakubali.

Kwa hiyo ushauri wangu umegawanyika wazi. Kompyuta ni moja tu na riziki yako inapita kwenye programu ya Windows, kama ya mahasibu au ya wachoraji majengo: usiguse diski, tumia WSL. Kompyuta ni ya ziada, au kazi zako zote ni za kivinjari na nyaraka: nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, futa, sakinisha Linux peke yake. Ukipata na SSD ndogo ya kubadilishia ile diski ya kuzunguka, mashine ya 2014 itakushangaza.

Sasa tuzungumze distro

Kwa laptop ya RAM GB 4, chaguo langu ni Linux Mint yenye sura ya Xfce. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, kwa hiyo karibu kila mafunzo yaliyoandikiwa Ubuntu yanafanya kazi, na toleo lake la 22, lililotoka 2024, linatunzwa hadi 2029. Kitakachokula RAM yako ni kivinjari chenye kurasa 20 wazi, si mfumo wenyewe.

Ubuntu, iliyoanza 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ndiyo utakayoikuta zaidi kwenye seva na ndani ya WSL. Kwenye meza ina kasoro moja inayomgusa mtu wa bando: vifurushi vyake vya snap, Firefox ikiwa mojawapo, hujisasisha vyenyewe kwa nyuma. Ukiunganisha laptop kwenye hotspoti ya simu, MB zinaondoka bila kuaga. `sudo snap refresh --hold` inasimamisha hilo. Mint haiji na snap kabisa, na meneja wake wa masasisho anakuuliza kwanza. Kwa mtu anayenunua GB kwa kipimo, hilo peke yake linaitosha Mint kushinda.

Debian, mama wa zote mbili, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, inafaa kwa anayetaka kujenga mfumo mwepesi kipande kwa kipande, na ISO yake ndogo ya kusakinishia kwa mtandao haifiki GB 1. Naipenda, lakini nisingempa mtu wa siku ya kwanza. Kumbuka pia kwamba Debian 13 haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32, kwa hiyo mashine kongwe za aina hiyo zimeachwa.

Fedora ni nzuri kwa mwenye mtandao wa kudumu: matoleo mawili kwa mwaka, kila moja likitunzwa takriban miezi 13, na masasisho mengi katikati. Kama unalenga mtihani wa RHCSA wa kampuni ya Red Hat, basi tumia AlmaLinux au Rocky Linux, zinazofuata Linux ya kampuni hiyo, kwa kuwa mtihani ni wa vitendo na huko amri ni `dnf`, si `apt`. Arch ni ya mtu aliyekwisha kuzoea na ana bando lisiloisha.

Kali nisiipite. Ni Debian iliyojazwa zana za wapimaji wa usalama, na waliotengeneza wenyewe wanaandika kwamba haiwafai wasioijua Linux. Kijana anayeanza nayo anajifunza kubonyeza zana asizozielewa. Na akizielekeza kwenye mtandao wa mtu mwingine, Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya ina yake ya 2018. Ukihitaji zana moja ya Kali, mfano `nmap`, nyingi zinapatikana kwenye Mint kwa `sudo apt install nmap`.

Lugha: ukitaka kuona kiolesura kwa Kiswahili, juhudi zipo tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa ofisi huria ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Kwenye terminali lakini acha ujumbe wa makosa uje kwa Kiingereza, kwa sababu sentensi hiyo ya kosa ndiyo utakayoitafuta mtandaoni neno kwa neno.

Seva ya mbali: ukishazoea kidogo

Njia ya sita ni kukodi seva ndogo na kuiingia kwa `ssh`, amri ya kufungua terminali ya kompyuta ya mbali. Bei za chini huwa dola chache kwa mwezi, zinalipwa kwa kadi, na kadi pepe za mitandao ya simu mara nyingi hukubaliwa. Kinachofurahisha ni kwamba kazi nzito inafanyika huko: seva inapakua GB 2 za masasisho kwa mtandao wake, wewe unatumia KB za maandishi tu. Kwa mwenye bando dogo na simu yenye Termux, mchanganyiko huu unashinda laptop mbovu.

Kwa asiye na kadi, Google Cloud Shell inatoa terminali ya Linux ndani ya kivinjari bila malipo, yenye GB 5 za kuhifadhi na saa 50 kwa wiki. Faili za nyumbani hufutwa usipoingia kwa siku 120.

Seva yako mwenyewe ikishawaka, roboti za mtandaoni zitaanza kubahatisha nywila zake muda si mrefu. Tengeneza ufunguo kwa `ssh-keygen -t ed25519`, upeleke kwa `ssh-copy-id`, hakikisha unaingia kwa ufunguo huo, kisha ndipo uzime kuingia kwa nywila. Ukibadilisha mpangilio huo usikifunge kikao ulichonacho mpaka umefungua cha pili ukaona kinakubali.

Chagua pia mahali seva ilipo. Ikiwa Ulaya au Marekani, herufi unayoandika inachelewa kuonekana. AWS wana kituo Cape Town tangu 2020, na watoa huduma wengine wana vituo Johannesburg, ingawa bei hupanda kidogo. Dawa ya mtandao unaokatikakatika ni `tmux`. Unaingia kwenye seva, unaandika `tmux`, unaanza kazi. Basi likipita mahali pasipo na mtandao, ssh inakufa lakini kazi haifi. Ukiingia tena unaandika `tmux attach`, na masasisho uliyoyaacha kwenye asilimia 40 utayakuta yameshamalizika.